Safari ya Kolo: Namna ya Kuzuru Michoro ya Kale Miambani

Wanafunzi wengi wa Mbulu na Hanang wamekwisha kupita Kolo, lakini walioshuka garini ni wachache. Basi liendalo Dodoma hutoka Babati, hupanda mpaka Bereko, na baada ya kilomita themanini hivi tangu Babati hukipita kijiji hicho kidogo. Abiria hutazama vilima vya mawe dirishani, gari huendelea na safari yake, na jambo limekwisha. Hali watu wengine huvuka bahari kutoka Ulaya na Marekani ili waje kuvipanda vilima vile vile. Wanajua kwamba chini ya majabali yake kuna picha zilizochorwa na watu wa kale, ambazo ni miongoni mwa michoro mashuhuri ya miambani katika Afrika nzima.

Somo hili limeandikwa kwa wanafunzi watakaokwenda kuiona michoro hiyo, kwa walimu watakaowaongoza, na kwa wazazi watakaotoa nauli. Jambo kubwa la kushika ni hili: mchoro ukifutika pale ukutani hakuna awezaye kuurudisha. Tena, wengi walioiharibu hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuona vizuri zaidi, au kuonyesha kwamba nao walifika. Basi yatupasa kujifunza namna ya kutazama kabla hatujaondoka nyumbani.

KOLO NI WAPI, NA KUNA NINI?

Kolo ni kijiji cha Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma. Vilima vyake viko kandokando ya Bonde la Ufa, bonde lile lile ambalo mtu wa Mbulu huliona chini yake anapoteremka kwenda Dareda.

Watu husema "mapango ya Kolo," lakini usitazamie kukuta pango refu lenye giza. Ni majabali makubwa yaliyoinama mbele kama upenu wa nyumba. Chini ya upenu huo mvua haipigi sana, na pana kivuli. Hapo watu wa kale walikaa, na katika kuta zake walichora. Majabali ya namna hiyo yaliyo na michoro ni zaidi ya 150, nayo yametawanyika katika nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336. Yako Kolo kwenyewe, na Pahi, Kisese, Cheke, Fenga, Thawi na mahali pengine. Mashuhuri kuliko yote ni yale ya Mungomi wa Kolo.

Mwaka 2006 Shirika la UNESCO liliitia michoro hii katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika orodha hiyo hiyo yamo magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa mwaka 2000. Sisi wa Mbulu na Hanang tuko mbali na Kilwa, lakini Kolo ni jirani.

Michoro yenyewe ni ya namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile myekundu. Imechorwa kwa udongo wenye kutu ya chuma, na mistari yake mingi ni myembamba na imetulia. Humo utaona twiga, tembo, pofu na wanyama wengine wa porini, tena utaona watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya ajabu, kana kwamba wamesuka nywele au wamevaa mapambo. Namna ya pili ni ile myeupe. Mistari yake ni minene, mingine imepakwa kwa vidole, na mara nyingi ni alama na maumbo ambayo si rahisi kuyajua. Mahali pengine ile myeupe imepita juu ya ile myekundu. Lishike jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

NI NANI WALIOCHORA?

Wataalamu wengi hukubali kwamba michoro myekundu ni kazi ya watu walioishi kwa kuwinda na kuchuma matunda na mizizi, na kwamba ile myeupe ililetwa baadaye na watu waliolima na kufuga. Katika majabali haya watu wamechora kwa muda wa miaka 2,000 au zaidi. Lakini watu walikaa chini yake tangu zamani za mbali zaidi. Katika jabali moja la Kisese, lililochimbwa na mtaalamu Ray Inskeep mwaka 1956, vilipatikana vitu vya kale pamoja na shanga za ganda la yai la mbuni, na uchunguzi wa siku hizi umeonyesha kwamba watu walikuwa wakikaa pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita.

Msomaji wa Mbulu asidhani kuwa habari hizi ni za watu wengine. Wahadzabe wa Yaeda Chini, katika wilaya yetu wenyewe, wamo katika watu wachache wa Afrika ya Mashariki ambao hata sasa baadhi yao huishi kwa upinde, asali na mizizi. Upande wa kusini wako Wasandawe, nao hapo zamani walikuwa wawindaji. Na imeandikwa kwamba baadhi yao waliendelea kuchora miambani hata katika karne ya 20. Wairaqw nao wana jamaa huko Kondoa: lugha ya Waalagwa na ile ya Waburunge ni ndugu na Kiiraqw. Wazee wa Kiiraqw husimulia juu ya nchi ya Ma'angwatay, walikokaa kabla ya kufika Irqwar Da'aw, na wako wanaoiweka nchi hiyo upande wa Kondoa. Kwa hiyo mtoto wa Dongobesh au wa Katesh aendapo Kolo huenda kusoma ukurasa wa historia ambayo watu wake pia wamo.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuinakili michoro hii ni Mama Mary Leakey. Mwaka 1951 yeye na mumewe Louis walikaa Kondoa wakipita jabali kwa jabali na kunakili picha moja moja kwa uangalifu mwingi. Kazi hiyo ilitolewa katika kitabu mwaka 1983. Nakala za namna hiyo zina faida kubwa, maana picha nyingine zimezidi kufifia tangu siku zile.

MICHORO HUHARIBIKAJE?

Jua, upepo na maji yateremkayo mwambani hufanya kazi yao polepole, wala hatuwezi kuyazuia yote. Lakini madhara mengine huletwa na watu. Tuyataje moja moja, pamoja na sababu zake.

Kwanza, maji. Mgeni huona picha imefifia. Humwagia maji, na kweli rangi hung'aa kwa dakika chache, akapata kupiga picha yake. Lakini mwamba una chumvi ndani yake. Maji huiyeyusha chumvi hiyo, na yanapokauka huileta juu ya uso wa jiwe, ikabaki kama utando mweupe juu ya rangi. Maji hayo pia huondoa chembe za rangi zilizokwisha kulegea. Hivyo kila aliyemwagia maji aliona picha vizuri mara moja, na wote waliokuja nyuma yake wakaiona vibaya zaidi.

Pili, mikono. Mkono wa mtu una jasho na mafuta hata kama umenawa. Mwanafunzi mmoja akigusa twiga mara moja huenda hutaona tofauti. Wakigusa wanafunzi arobaini kwa siku, na shule ishirini kwa mwaka, twiga atakwisha. Tazama ngazi ya mawe ya zamani, au mpini wa jembe: vilivyo vigumu hulainika kwa kuguswa tu.

Tatu, maandishi. Wako waliopenda kuacha majina yao kwa mkaa, chaki au kisu. Jina la mtu aliyepita jana halina maana yoyote kwa watazamaji wa kesho, na kulifuta ni hatari, maana kinachofuta mkaa hufuta na rangi ya kale iliyo chini yake.

Nne, vumbi na moshi. Watu wengi wakikanyaga kwa kishindo chini ya jabali, vumbi hupanda na kushika ukutani. Moto ukiwashwa chini ya upenu, masizi hufunika picha. Mifugo ikiingia kujikinga na jua hujikuna mwambani. Mambo haya hutendeka bila mtu kudhani kwamba ameharibu kitu.

Tano, kuchimba. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Kondoa ilipiganiwa na Waingereza na Wajerumani. Baadaye ulienea uvumi kwamba Wajerumani walifukia mali yao chini ya majabali ya Mungomi. Watu waliosadiki uvumi huo walikwenda kuchimba, na shimo lao huonekana hata leo. Kumbe udongo ulio chini ya jabali ni mali kubwa kwa njia nyingine: ndani yake mna mawe yaliyochongwa, mifupa na majivu ya watu wa kale, yamepangika tabaka juu ya tabaka. Tabaka zikivurugwa, hata mtaalamu hodari hawezi kuzisoma tena.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda mahali pa namna hii. Lakini majabali zaidi ya 150 hayawezi kuwekewa mlinzi kila moja, usiku na mchana. Mlinzi wa kwanza ni mgeni mwenyewe.

Mfano wa Ufaransa utatusaidia. Mwaka 1940 vijana wanne waliingia katika pango la Lascaux na kukuta kuta zimejaa picha za farasi na ng'ombe wa kale. Pango lilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1948, nao wakaja kwa wingi, hata zaidi ya elfu moja kwa siku. Pumzi zao na taa zilizowekwa zilibadili hewa ya pango, ukungu wa kijani ukaanza kuota ukutani, na mwaka 1963 likafungwa. Leo watu huonyeshwa pango la kuigwa lililojengwa karibu yake. Watu wale hawakuchora wala kuchimba, walipumua tu. Majabali ya Kolo yana hewa ya wazi, kwa hiyo pumzi zetu si hatari kama kule. Lakini hukumu ni ile ile: watazamaji wasipotunza wanachokitazama, mwisho wake hufungiwa mlango.

MATAYARISHO KABLA YA SAFARI

1. Mwalimu aandike mapema kwa ofisi ya mambo ya kale iliyoko Kolo, ataje siku, idadi ya wanafunzi na kidato chao. Wageni wote hupaswa kupita ofisini, kulipa kiingilio na kupewa kiongozi. Msijaribu kwenda majabalini peke yenu, hata kama yuko mtu anayesema anaijua njia.

2. Chagueni majira. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hata Oktoba, ndiyo mizuri. Wakati wa masika njia ya kutoka barabara kuu kwenda Mungomi huharibika, na mawe huteleza.

3. Fanyeni hesabu ya fedha darasani, iwe pia zoezi la hisabati: gari, kiingilio, kiongozi, chakula, na akiba kidogo kwa jambo lisilotazamiwa. Wazazi wapelekewe hesabu hiyo muhula mmoja kabla ya safari. Mzazi ambaye fedha hazimtoshi asione haya kumwambia mwalimu mapema, ili shule itafute njia. Ni vibaya mtoto kuachwa nyuma kwa sababu habari zilichelewa.

4. Gawanyeni wanafunzi katika makundi ya watu kumi, kila kundi na kiranja wake. Chini ya jabali liingie kundi moja tu. Mengine yangoje mbali kidogo, kivulini.

5. Kila mwanafunzi achukue viatu vilivyofungwa vizuri, kofia, maji ya kunywa, daftari na penseli. Asubuhi za kiangazi ni baridi, hasa kwa wanaoondoka Mbulu kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo sweta haifai kusahauliwa. Kama shule ina darubini ya mkono, ichukuliwe, maana huleta picha karibu bila mtu kusogea. Chaki, rangi na visu vibaki nyumbani.

6. Someni kabla ya kwenda. Mtu asiyejua anachokitafuta hufika mbele ya mwamba, akaona madoa mekundu, akauliza, "Ni haya tu?" Aliyesoma huona twiga pale pale.

NJIANI

Safari yenyewe ni somo. Watokao Mbulu watashuka ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya kufika Dareda. Watokao Katesh watauzunguka Mlima Hanang, ambao ni volkano ya zamani yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Babati mtaona ziwa lenye viboko. Bereko mtapita katika msitu, na hewa itakuwa baridi. Kutoka Babati hata Dodoma njia ni ya lami; barabara hiyo ilizinduliwa mwaka 2018.

Karibu na Kolo tazameni ardhi. Mtaona makorongo makubwa yaliyochimbwa na maji. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mbaya hata mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ujulikanao kama HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika sana. Wana wa wakulima na wafugaji waandike wanayoyaona. Nchi ile ile iliyowalisha wawindaji waliochora twiga na pofu ilikuja kuchoka kwa kulimwa na kulishwa kupita kiasi. Nayo ni habari ya kuzungumza na baba na mama mtakaporudi.

MBELE YA MWAMBA

Kutoka mahali gari liachwapo mtapanda kilima kwa miguu. Pandeni polepole, mfuate kiongozi, wala msitie mkono katika ufa wa mwamba, maana nyuki na nyoka hupenda mahali kama hapo. Mkifika, fanyeni hivi.

Kwanza simameni kimya kwa muda wa dakika tano, hatua mbili au tatu kutoka ukutani. Macho yaliyotoka juani hayaoni kitu mara moja. Baada ya kuzoea kivuli utaanza kuona mguu, kisha mgongo, kisha mnyama mzima. Usisogee ili uone. Ngoja, nawe utaona.

Pili, chora kwa macho yako katika daftari. Usiweke karatasi juu ya mwamba kunakili. Mama Leakey alifanya kazi ya utaalamu, tena kwa uangalifu wa siku nyingi. Si kazi ya mgeni wa saa moja. Kama una kamera au simu, piga picha kwa mwanga wa mchana bila kutumia taa yake, na usirudi nyuma ukiitazama simu, maana wengi wameanguka hivyo.

Tatu, gawa ukurasa wako sehemu mbili kwa mstari. Upande wa kushoto andika "Naona," upande wa kulia andika "Nadhani." Chini ya "Naona" andika lile tu ambalo hata adui yako angekubali: watu wanne; rangi nyekundu; wawili wameinua mikono. Chini ya "Nadhani" andika maana unayoifikiri: wanacheza ngoma, wanakimbia, wanaomba.

Utaona faida ya mstari huo utakapoonyeshwa picha moja mashuhuri ya Kolo, yenye watu kadhaa walioshikana, na wa katikati kama anavutwa huku na huku. Mama Leakey alidhani ni mwanamke anayetekwa. Wengine baadaye wakadhani ni ngoma au tambiko. Maana Wasandawe wana ngoma yao ya simbo, ambayo wachezaji wake hupandwa na nguvu hata wakawa kama watu wengine, na wako wataalamu wanaosema kwamba baadhi ya michoro myekundu yahusu mambo kama hayo. Wote wameitazama picha ile ile. "Naona" yao ni moja, "Nadhani" yao ni mbali mbali. Mwanafunzi anayejua kuzitenga hizo mbili amejifunza jambo litakalomfaa mahakamani, hospitalini, na katika kusoma magazeti.

Nne, tafuta kipi kiko juu ya kipi. Hapa ndipo tunapolihitaji lile jambo tulilolishika. Ukipaka ukuta wa nyumba chokaa nyeupe, kisha mtoto akachora kwa mkaa, mkaa utakuwa juu ya chokaa. Kila mtu atajua kipi kilitangulia. Vivyo hivyo mwambani. Palipo na alama nyeupe juu ya mnyama mwekundu, nyeupe ni ya baadaye. Haikuambii mwaka, lakini inakuambia utaratibu. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kujua kwa macho yake mwenyewe kwamba wawindaji walitangulia na wakulima wakafuata, hata kama hakuna aliyemwambia.

Tano, muulize kiongozi, na kisha nyamaza umsikilize. Uliza: Hapa panaitwaje kwa lugha ya wenyeji? Picha gani imefifia tangu ulipoanza kazi? Wageni wanakosea nini zaidi? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa urahisi katika vitabu.

ADABU YA MAHALI

Mungomi wa Kolo si makumbusho tu. Wenyeji wa nchi ile wamepatumia kwa matambiko, ya kuomba mvua na ya kuponya wagonjwa, na heshima ya mahali pale haijakwisha. Mkikuta wazee wana shughuli yao, au mkiambiwa kwamba sehemu fulani haiendewi siku hiyo, geukeni bila kunung'unika. Mkikuta kitu kimewekwa chini ya jabali, msikiguse wala msikicheke. Kila mmoja wetu anajua kwao mahali ambapo hapendi mgeni apige kelele, liwe kanisa, msikiti, au kaburi la babu.

Waamkieni wazee mnaowakuta njiani, nanyi mngoje waitikie kabla ya kuuliza lolote. Msimpige mtu picha bila kumwomba. Chakula lieni mbali na majabali, na taka zote zirudi garini pamoja nanyi. Kama kijijini kuna mtu anayeuza chai au ndizi, nunueni kwake. Wenyeji wakiona kwamba wageni huwaletea faida na heshima, wao watakuwa walinzi wa michoro kuliko uzio wowote.

MKISHA KURUDI

Kazi haijaisha. Katika juma la kwanza kila kundi litengeneze ubao wa maonyesho: ramani ya njia, michoro iliyonakiliwa kwa macho, na orodha ya "Naona" na "Nadhani." Wazazi waalikwe kuja kutazama, maana nauli ilikuwa yao. Kisha kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja wa nyumbani kwake: Watu wetu walitoka wapi kabla ya kufika hapa? Walikuta nani? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na umri wa msimulizi na mahali alipozaliwa. Simulizi nazo hufifia, tena upesi kuliko rangi ya mwambani, maana mwamba hukaa na mzee huondoka.

Mwisho, fungueni macho katika nchi yetu wenyewe. Mbulu na Hanang zina mawe na majabali mengi. Mtu akikuta mchoro, chombo cha jiwe, au vigae vya zamani, asivichukue wala asichimbue. Aandike mahali alipoviona, amwarifu mwalimu, naye mwalimu apeleke habari kwa maofisa wa wilaya. Kitu cha kale kilichoondolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama neno lililokatwa katika barua: neno unalo, lakini barua haisomeki tena.

MASWALI

1. Kwa nini mchoro uliomwagiwa maji hung'aa kwanza, kisha huwa mbaya kuliko mwanzo? Jibu kwa kutumia maarifa yako ya kemia.

2. Eleza kwa mchoro mdogo jinsi unavyoweza kujua ni picha gani iliyotangulia kuchorwa, ikiwa nyekundu na nyeupe zimepandana.

3. Pango la Lascaux lilifunguliwa mwaka 1948 na kufungwa mwaka 1963. Lilikaa wazi miaka mingapi? Taja sababu mbili za kufungwa kwake, na ueleze kwa nini Kolo haina hatari moja katika hizo.

4. Tazama picha yoyote iliyo ukutani katika darasa lenu. Andika mambo matano ya "Naona" na mambo mawili ya "Nadhani." Mpe jirani yako ayasahihishe.

5. Wanafunzi 36 na walimu 3 wanakwenda Kolo kwa gari moja. Ulizeni nauli ya kweli ya siku hizi na kiingilio cha kweli, kisha mtafute kila mwanafunzi atalipa kiasi gani ikiwa walimu hawalipi.

6. Kijiji kimoja kina jabali lenye michoro, nalo ndilo kivuli cha pekee cha mbuzi wakati wa mchana. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa wazee wa kijiji hicho, ukiwashauri namna ya kulinda michoro bila kuwanyima watu mifugo yao.